Posa ya Wifi Yangu

Mimi nina wivu, na sijawahi kuutafutia dawa. Wapo watu ambao wivu wao unakaa kwenye mapenzi tu, ukitoka hapo wanalala usingizi mzuri. Wangu hauchagui. Naweza kumwonea mtu wivu kwa sababu ya kiatu chake, kwa sababu mama yake humpigia simu kila Jumapili, au kwa sababu tu ya namna watu wanavyomwita. Lakini sijawahi kuumwa na roho kama nilivyoumwa Jumamosi moja ya baridi, mwaka 2018, kule Bertrams, Johannesburg, wajomba walipokuja kuposa kwa mwenye nyumba wetu.

Walikuja wazee wa makamo, wamevaa makoti ya suti, suruali zimepigwa pasi mpaka mistari inaonekana kutoka barabarani. Walikuja kumposea mpwa wao, dereva wa basi, aliyetaka kumwoa binti wa mwenye nyumba, ambaye ni nesi. Hapo hakuna la ajabu, ila mpwa wao huyo alikuwa mwanamke. Mwanamke anamposa mwanamke, na wajomba wamepiga pasi.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu, katika chumba cha mbele tulichopanga kwa ajili ya kazi. Upande wa pili wa chumba hichohicho mwenzangu alikuwa anamsuka mteja. Alisimamisha mikono, kitana kikabaki hewani.

"Ona hawa ba baba," alisema. "Ona heshima bamekuya nayo."

"Wananizibia mwanga," nikamjibu, wakati hata dirisha langu hawakulikaribia.

Alirudi kwenye kichwa cha mteja, lakini kila dakika alikuwa anachungulia uani, na mimi nilikuwa namchungulia yeye. Waliposikika wakicheka huko ndani, mambo yamekubalika, alitabasamu peke yake. Nilikanyaga pedali nikashona mkono wa gauni la watu mahali pa shingo.

Ngoja niseme sisi ni nani. Mimi ni mtu wa Tanga, fundi wa nguo. Yeye ni wa Lubumbashi, msusi, na Kiswahili chake ni kile cha kwao, kinachonichekesha mpaka leo. Tulikutana Fordsburg, kwenye duka la vitambaa, tukigombea kipande cha mwisho cha kitenge kimoja cha bluu. Yeye alikipata. Mimi nilimfuata mpaka nje kumwambia maneno yangu, na maneno yaliendelea mpaka tukajikuta tunakunywa chai. Kuanzia 2015 tukawa tunakaa pamoja, chumba kimoja cha kulala nyuma, chumba kimoja cha kazi mbele, kitanda kimoja.

Sheria ya nchi ile ilikuwa inaturuhusu. Tangu 2006 watu wa jinsia moja wanaoana kule kihalali, kabla hata mmoja wetu hajavuka mpaka. Lakini sheria ilikuwa inakaa ofisini kwake, na sisi tulikuwa tunakaa na watu. Kulikuwa na Watanzania wenzangu wa chama chetu cha kusaidiana misiba, kulikuwa na Wakongo wa kanisa lake, na wote hao ndio wateja wetu. Walipoanza kuuliza, nikawajibu upesi kabla yeye hajafungua mdomo: huyu ni wifi yangu, mke wa kaka, kaka yuko migodini Rustenburg. Jibu liliwatosha. Baba yangu alikuwa na wake na watoto kila kona ya Tanga, kaka mmoja zaidi hakuna ambaye angekwenda kumhesabu. Ikawa kila mtu anamwita Wifi, hata Mrundi aliyekuwa anauza mboga kwenye kona.

Tatizo lilikuwa kaka mwenyewe. Mwenzangu ana kipaji cha kusimulia, na wateja wa nywele wanakaa muda mrefu. Wakimuuliza habari za mumewe, hakuwa na majibu mafupi kama yangu. Aliwaambia ana mwanya. Aliwaambia anaimba akioga, na kwamba chungwa analimenya ganda likatoka zima bila kukatika. Wanawake walikuwa wanasikiliza midomo wazi. Mimi nilikuwa nasikiliza pia, sindano mdomoni, damu inanichemka.

"Huyu mwenye mwanya umemtoa wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Ni kaka yako," alisema huku anacheka. "Mi nitajua namna gani?"

Hakuwa wa kutungwa yule. Mtu hatungi ganda la chungwa. Nilianza kuamini kwamba huko Lubumbashi kulikuwa na mwanamume wa kweli mwenye mwanya, na kwamba kila siku chumbani mwangu, mbele ya macho yangu, mwenzangu alikuwa anamkumbuka kwa sauti. Basi nikamuua. Mwaka 2017 niliwatangazia wateja kwamba kaka ameugua kifua ghafla, amefariki, na ndugu wamemsafirisha nyumbani kumzika.

Mwenzangu alipata habari za ujane wake kutoka kwa mteja aliyeingia analia na kumkumbatia. Kabla ya jioni chumba kilijaa wanawake na mchele na sukari. Wazee wa chama walisoma khitma, wakamwombea mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, na wifi yangu alikaa kwenye mkeka kitambaa kichwani, macho yamemwiva. Watu walisema ni kilio. Mimi niliyajua macho yale. Wageni walipoondoka hakunisemesha mpaka kesho yake.

"Sasa mi ni mujane," alisema hatimaye. "Unajua mujane kijana, wanaume wanamuangalia namna gani?"

Sikuwa nimefika huko katika kufikiri kwangu. Nilikuwa nimefika kwenye mwanya tu.

Narudi kwa majirani. Mahari ilipokwisha kukubaliwa, dereva na nesi walikwenda ofisi ya serikali kuandikisha ndoa. Walirudi mapema mno. Dereva alilipiga geti teke, na mwenye nyumba akatoka na mwiko mkononi. Kumbe sheria ile ilikuwa na kifungu kilichomruhusu afisa wa serikali kusema dhamiri yake inamkataza kufungisha ndoa za namna hii, na akisamehewa na wakubwa wake, basi halazimiki tena. Katika ofisi waliyokwenda, maafisa wote walikuwa wameshasamehewa. Waliambiwa wajaribu kwingine.

"Kwa adabu kabisa," alisema nesi. "Wametukataa wanatabasamu. Hilo ndilo linaniua."

Dereva yeye hakutaka mambo ya adabu. Alizunguka ua ule anapiga kelele kwa Kizulu na Kiingereza, kwamba amezaliwa hapa, anakatwa kodi kila mwezi, anawabeba watu wa nchi hii kwenye basi lake kila alfajiri bila kuuliza dhamiri ya mtu, na kwamba eish, safari hii watamtambua. Alipiga simu redioni papo hapo. Akapewa nafasi, akaongea, na ua mzima tukamsikiliza mara mbili, pale alipokuwa amesimama na kwenye redio ya mwenye nyumba.

Nilimwonea wivu hata kwa hasira ile. Mimi katika maisha yangu sijawahi kuikasirikia serikali. Nilikotoka tulikuwa tunaiogopa, nilikokwenda nilikuwa naipangia foleni nikiwa na karatasi zangu kwenye mfuko wa plastiki ili zisilowe. Kuikasirikia serikali mpaka upige geti teke, lazima iwe yako. Nilimtazama dereva mabega yake yanapanda na kushuka, nikawaza: huyu hata akinyimwa anakuwa tajiri kuliko mimi.

Na mwenzangu alikuwa anamtazama pia.

Mambo ya mikutano yakaanza hapo. Ilisemekana bungeni, Cape Town, kuna mswada wa kukifuta kile kifungu, na watu walikuwa wanakusanyika kwenye ukumbi mmoja mjini kuuzungumzia. Jumamosi mchana mwenzangu akimaliza vichwa vyake alipanda gari la dereva pamoja na nesi, wanakwenda. Mimi nilikaribishwa. Nilisema nina kazi.

Alikuwa anarudi na siasa nyingi. Aliniambia wako wanaosema kifungu kifutwe leo kabla ya kesho, na wako wanaoogopa. Hao waoga walikuwa wanasema ukiifungua sheria ili utoe kitu kimoja, kuna watu wamesimama nje muda wote wanangoja mlango ufunguke, nao wataingia watoe kila kitu. Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Redioni kuna waliotaka wananchi wote waulizwe kwa kura kama ndoa hizi ziendelee, na mchungaji mmoja aliyepiga simu alisema sheria iliandikwa na binadamu na binadamu anaweza kuichana.

"Waoga wamesema kweli," nilimwambia. "Nyamazeni, msije mkawaamsha waliolala."

"Hakuna mwenye amelala," alisema. "Ule mudereva anasema, haki yenye unaogopa kuigusa, haiko yako."

Dereva anasema. Siku hizo kila sentensi ilikuwa na dereva ndani yake. Dereva anasema hivi, dereva amemjibu mwenyekiti vile, dereva amenunulia watu wote vitumbua vya Kizulu. Nilimuuliza kama dereva naye ana mwanya. Alicheka bila furaha.

"Sikiliza," alisema. "Siku batakuya kufuta hii sheria ya ndoa, mi sitaki itukute hatujaoana. Tuko na makaratasi mazuri wote wawili. Nesi aliuliza, wakamwambia hata wageni banaweza."

Niliinama kutafuta bobini ya uzi chini ya meza. Bobini ilikuwa kwenye cherehani, mahali pake. Nilikaa kule chini nikimsikia anasubiri. Nilikuwa nawaza wanachama wenzangu, wateja, simu za nyumbani Tanzania ambazo mwaka ule zilikuwa za moto, watu kama sisi wakisemwa huko redioni kwa majina ambayo siwezi kuyaandika. Nilikuwa nawaza na wale wajomba. Karatasi ya ofisini ningeweza kuipata. Wa kupiga pasi suruali kwa ajili yangu ningemtoa wapi? Nilipoinuka alikuwa amekwenda kuchota maji.

Sasa ikaja posa.

Ilikuja kwa miguu ya mzee mmoja wa Kitanga wa chama chetu, mwenye duka la vitambaa Fordsburg, duka lilelile tulilogombania kitenge. Kwangu alikuwa kama mzazi. Kitambaa kipya kikiingia alikuwa ananiwekea pembeni kabla hajakitandaza. Alivua viatu mlangoni, akaketi, akakataa chai.

"Shikamoo mzee," nilimwambia. "Mbona hunywi?"

"Marahaba binti yangu. Chai baadaye. Leo nimetumwa."

Nilidhani ametumwa kushonesha kanzu. Akatengeneza kofia yake na kuanza kwa mbali, kwa utulivu, kama mtu anayeifahamu kazi hiyo. Kuna bwana mmoja, alisema, aliyefiwa na mke, mtu wa Lubumbashi, msimamizi wa walinzi huko Sandton, ana ukaazi wa kudumu na anaimba kwaya katika kanisa la wifi yangu. Bwana huyo amemwona wifi yangu na amempenda. Wazazi wa mwanamke wako mbali, na wakwe zake ni watu wa Tanga, kwa hiyo aliuliza watu: huko Tanga mnaposa vipi? Akaambiwa hutumwa mshenga. Basi akamtafuta Mtanga anayeheshimika, amtume.

"Marehemu kaka yako ameshapumzika," alisema mzee, "na huyu mtoto bado kijana. Wewe ndiye umebaki baba, wewe ndiye mama. Bwana amesema bila ridhaa yako hataki hata kumsalimia."

Nyie! Mtu amemposa mke wangu kwangu mimi mwenyewe. Na amefanya kwa ustaarabu mpaka sikuwa na pa kumshika. Nilimwambia mzee anipe muda, tukazungumze sisi wanawake. Akasema angerudi wiki ile nyingine, Jumamosi mchana. Ndipo akanywa chai, vikombe viwili, na kuisifu.

Mwenzangu alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha kulala, amesikia yote. Alitoka mkono umeziba mdomo. Alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakamtoka, akasema jamani kaka yako ameniachia matatizo. Halafu kicheko kikakatika.

"Utamujibu nini?" aliuliza.

"Unamtaka?"

"Sijasema namutaka. Nimeuliza utamujibu nini."

"Ndiye mwenye mwanya?"

Alinyanyuka akaenda kuosha vitana vyake.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani kwao. Mimi, binti wa mwalimu wa madrasa, nilikaa benchi la nyuma nikiwa na mtandio wangu, nikamtafuta kwenye kwaya. Hakuwa na mwanya. Alikuwa na meno mazuri, yamejipanga sawasawa, shati jeupe, sauti nzito isiyojionyesha. Ningefurahi sana kama angekuwa mlevi. Ibada ilipokwisha alinitambua, akaja mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama," alisema.

Wakongo hawasemi shikamoo. Alikuwa amejifunza, kwa ajili yangu, na alilitamka kwa uangalifu kama mtu anayebeba bakuli lililojaa. Niliitikia marahaba na nikatamani ardhi imeze mmoja wetu, yeye kwanza. Kwa sababu niliiona picha yote: huyu angemtembeza mchana kweupe, angemtambulisha kwa jina lake halisi, na hakuna ambaye angehitaji kufa Rustenburg.

Jumamosi ya jibu ikawa ndiyo Jumamosi ya ndoa ya majirani. Walikuwa wamepata ofisi nyingine, upande mwingine wa jiji, yenye afisa aliyekubali. Walituomba tuwe mashahidi, na safari hii sikupata la kusingizia. Niliwashonea nguo mwenyewe, gauni la nesi na koti la dereva. Lile koti, nakubali, nilifikiria kulibana kwapani. Lakini kazi ni kazi, nikalishona likamkaa kama ameumbwa nalo.

Afisa alikuwa mama mmoja mnene mwenye mafua. Aliwasomea maneno yao, akawauliza kama kuna pingamizi, akapenga kamasi, akawaonyesha pa kutia saini. Hakuwapenda zaidi na hakuwachukia. Aliwafungisha kama alivyowafungisha waliotangulia na kama angewafungisha wale vijana waliokuwa wanasubiri kwenye benchi. Hapo ndipo nilipoumia kweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa vigelegele na hotuba, nikakuta jambo dogo, la kawaida, la kufanywa asubuhi na mtu mwenye mafua. Nesi alilia. Dereva alimshika mkono na kumbusu kidole chenye pete, pale pale, mbele ya bendera ya nchi. Mwenzangu alitia saini yake ya ushahidi polepole sana, halafu akanipa kalamu bila kunitazama.

Njiani kurudi nilimwambia mwenzangu afisa yule angekula tangawizi. Akatazama nje ya dirisha.

Tulipofika, mzee alikuwa ameshakaribishwa na mwenye nyumba, amekaa chumba chetu cha kazi, viatu viko mlangoni, na magotini ana furushi. Uani mwenye nyumba alikuwa anageuza nyama kwenye moto na muziki umeshaanza. Mwenzangu alimsalimia mzee, akapita, akasimama karibu na pazia. Safari hii hakujificha nyuma yake.

Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri. Ningesema kwetu mjane hukaa miaka kadhaa, ningesema kuna wosia wa marehemu, ningesema babu hajakubali. Ungetosha kumchosha bwana yule mpaka akatafute mwingine. Nilikaa, nikajikohoza. Mzee akafungua furushi ili nione jinsi bwana alivyo na adabu. Kulikuwa na doti ya kanga kwa ajili yangu, na chini yake kitenge kwa ajili ya mwenzangu. Kitenge cha bluu. Bluu ileile anayoipenda, bluu ya kufanyia ugomvi dukani.

Bwana yule alimtazama lini mpaka akaijua rangi yake? Sikuwaza tena. Ule wivu ulipanda kutoka miguuni ukafika mdomoni peke yake.

"Rudisha mzee," nilisema. "Huyu ana mtu."

"Ana mtu? Nani?"

"Mimi."

Mzee alitabasamu, akidhani sijamwelewa. "Wewe ni wifi yake, binti yangu."

"Mimi si wifi yake. Kaka huyo hayupo na hajawahi kuwepo. Huyu ni wangu mimi, tangu mwaka 2015. Tunalala kitanda kimoja. Kamwambie bwana yako, na meno yake, atafute kwingine."

Muziki wa uani uliendelea. Mzee aliitazama mikono yake, halafu mkeka, halafu mwenzangu, ambaye alimtazama bila kuinamisha macho.

"Tulisoma khitma," alisema mzee taratibu. "Mimi mwenyewe nilisoma juzuu mbili."

Alilifunga furushi lake, kanga yangu ikiwemo. Mlangoni alihangaika na viatu mpaka nikataka kumsaidia, akanizuia kwa mkono.

"Nitamwambia yule bwana kwamba hamkukubali," alisema. "Mengine sikuyasikia. Lakini dukani kwangu usije tena, mwanangu. Mimi ni mzee, sitajua nikutazameje."

Akaondoka kwa kupitia pembeni ya sherehe, na dereva akamkaribisha sahani, akashukuru akapita.

Roho iliniuma kwa ajili yake, sisemi haikuniuma. Lakini chini ya maumivu kulikuwa na fahari. Miaka yote ile nilikuwa namficha, na leo nilikuwa nimelisema, kwa mdomo wangu, mbele ya mzee wa Tanga. Niligeuka kwa mwenzangu kama mtu aliyepandisha kabati ngazi zote peke yake, nikasubiri anipokee.

Hakuwa anatabasamu.

"Kwanza nilikuwa wifi," alisema. "Halafu ukanifanya mujane. Leo niko 'wako'. Kila mara ni weye unawaambia batu mi niko nani."

"Nimesema ukweli! Si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

"Umesema juu ya wivu, juu ya ule kitenge. Nimekuona."

Ananijua mno.

"Ule bwana simutaki," aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya chini, haina ugomvi. "Sikumutaka hata siku moja. Lakini alitafuta mutu, akamutuma, akauliza kama nitakubali. Miaka yote hii, weye ulituma nani?"

"Tunaishi pamoja..."

"Ulituma nani?"

Akaingia chumbani na kuvuta pazia.

Nilibaki nimesimama katikati ya vipande vya nguo za watu. Nitume nani mimi? Wajomba zangu wa Tanga, nikiwapigia simu na habari hii, wangesoma khitma nyingine, safari hii ya kwangu. Wanawake wa chama walioleta mchele wangetaka kwanza kujua mchele wao ulikwenda wapi. Mzee mmoja aliyejua kazi ya ushenga katika jiji zima, nilikuwa nimemfukuza muda uleule. Nikawaza na kuwaza, na kila nilipomaliza kuwaza alibaki mtu mmoja, na sikumtaka.

Dereva alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kwao, viatu ameshavua, koti nililomshonea liko mabegani, anakula bawa la kuku. Nilivuka ua nikasimama mbele yake. Aliniuliza kama kuna tatizo, kwa sababu yule baba wa kofia alionekana kama amefiwa.

Nilimweleza kwa Kizulu changu cha kuvunjika, na maneno yalikuwa machache kuliko nilivyodhani. Nilimwambia kwetu mtu haendi kujiombea mwenyewe, hutuma mtu anayeheshimika akamsemee. Nilimwambia mimi sina mtu.

Nadhani dereva alikuwa anajua siku zote kwamba simpendi. Alifuta vidole kwenye kitambaa, akavaa viatu, akaingiza mikono kwenye koti na kufunga vifungo vyote, mpaka cha juu.

"Nikaseme nini?" aliuliza.

Mimi ninayejulikana Bertrams nzima kwa mdomo, nilipata machache tu. "Mwambie naomba," nilimwambia. "Mwambie akisema hapana sitamuuliza ana nani mwingine."

Alivuka ua, akagonga mlango wangu. Nilisikia pazia likivutwa, nikasikia sauti ya mwenzangu ikimkaribisha, ile sauti yake laini ambayo mimi sikuwa nimeisikia kwa wiki nyingi. Mlango ukafungwa. Na mimi nikakaa kwenye ngazi ya watu, jibu langu liko ndani kwangu, wivu umenipanda mpaka masikioni kwa sababu dereva ndiye angelisikia kwanza.